Nani Mwenye Sentensi?

  Wasikilizaji, aliye jikoni aongeze sauti kidogo, na aliye na kalamu karibu aishike, maana mwishoni nitawaomba mwandike kitu.

Jioni moja binti wa jirani yangu alikuja nyumbani na karatasi mkononi. Amemaliza chuo, anatafuta kazi, na tangazo alilolipata lilitaka barua ya maombi iandikwe kwa Kiingereza. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu, karibu." Akakaa kwenye mkeka, akanipa barua. Ilikuwa barua nzuri. Imenyooka, ina adabu, imeeleza alichosoma na anachoweza kufanya. Lakini karibu na mwisho, kabla ya jina na sahihi, palikuwa na mstari huu: "The list of my certificates are attached."

Nikamwambia ausome kwa sauti. Akausoma. Nikamuuliza kama anasikia chochote. "Hapana, mwalimu, naona uko sawa." Akausoma tena, mara ya tatu akausoma polepole, na bado sikio lake halikushtuka. Sikumwonyesha kosa. Nilimwomba jambo moja tu, aniambie maneno hayo hayo kwa Kiswahili, nami nikamwanzia: "Orodha ya vyeti vyangu..." Akamalizia papo hapo: "...imeambatanishwa."

Hakusema "vimeambatanishwa". Vyeti viko pale pale, vimepakana na kitenzi, lakini ulimi wake uliviruka ukarudi nyuma kuifuata orodha. Nikamuuliza, umejuaje? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa sababu ninachoambatanisha ni orodha." Basi, nikamwambia, chukua kidole chako, ufunike maneno "of my certificates", usome kinachobaki. Akafunika. "The list are attached." Akainua uso. Safari hii alisikia.

Wasikilizaji, mazungumzo yangu ya leo yote yamo katika kidole kile. Nimesahihisha madaftari ya Kiingereza kwa miaka mingi, na nimefikia mahali pa kusema hili bila kusita: mzungumzaji wa Kiswahili akikosea upatanisho katika Kiingereza, usimfikirie kuwa hajui upatanisho ni nini. Ameunyonya na maziwa ya mama. Shida yake ni kwamba akiingia katika Kiingereza anauacha ujuzi huo mlangoni, pamoja na viatu, akidhani huko ndani hautakiwi.

Hebu sikilizeni sentensi hii: "Vitabu vyangu vile vitatu vizuri vimepotea." Maneno sita, na yote sita yamevaa sare ya vitabu. Mtoto wa miaka mitano aliyelelewa katika Kiswahili ataisema bila kukwama, na hakuna aliyemfundisha ubaoni. Ukibadilisha vitabu ukaweka miti, sentensi nzima inabadilisha nguo: "Miti yangu ile mitatu mizuri imepotea." Sasa tuipeleke Uingereza: "My three good books are lost." Wingi umeonekana mahali pawili tu, kwenye "books" na kwenye "are". "My" haijui kama vitabu ni kimoja au mia. "Good" haijui. Upatanisho wa Kiingereza, ukiuweka mezani karibu na wetu, ni mdogo sana.

Na hata kwenye kitenzi chenyewe ni mdogo. Kitenzi cha kawaida, katika wakati uliopo, huongezewa herufi s, au es, mtendaji akiwa nafsi ya tatu umoja. Basi. "Have" inakuwa "has", "do" inakuwa "does". Kitenzi "be" ndicho chenye sura nyingi: "am", "is", "are", na kwa wakati uliopita "was" na "were". Nje ya hapo hakuna kitu. "Can", "must" na "will" hazibadiliki, awe nani atakayezitumia. "Went" ni "went" kwa mtu mmoja na kwa kijiji kizima. Eneo lote la hatari ni dogo kiasi kwamba unaweza kulizunguka kwa jioni moja. Kwa nini basi tunateleza humo kila siku?

Tuanze na hiyo herufi s. Kiingereza kimeipa kazi mbili ambazo kwa mgeni zinagongana. Kwenye nomino, s ni dalili ya wingi: "boys". Kwenye kitenzi, s ni dalili ya umoja: "the boy runs". Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa kwamba s maana yake wengi, anaona ni haki kabisa kuandika "the boys runs". Huwa nawaambia wanafunzi wangu waifikirie kama mwavuli mmoja wa watu wawili. Nomino ikiuchukua, kitenzi kinabaki bila. Kitenzi kikiuchukua, nomino inabaki bila. "The girl sings." "The girls sing." Si kanuni ya kila mahali, kwa sababu "children" na "people" ni wingi usio na s, na "bus" na "boss" zina s zilizozaliwa nazo. Lakini kwa anayeanza, mwavuli huo utamsitiri siku nyingi.

Na kabla hatujamlaumu mtu aliyeiacha s hiyo, tujue inatoka wapi. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vingi zaidi mwishoni mwa vitenzi, na karibu vyote vilidondoka karne kwa karne. Kusini mwa Uingereza, nafsi ya tatu umoja ilimalizikia kwa th. S ilikuwa ya watu wa kaskazini, ikateremka taratibu hadi London. Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611, ile ya Mfalme James, imeshikilia th ya zamani mwanzo hadi mwisho. Shakespeare, aliyekuwa hai wakati huo huo, alitumia zote mbili. Na mpaka zama zetu, mashariki mwa Uingereza, wako Waingereza wa damu wasioitumia kabisa. Mtaalamu wa isimu Peter Trudgill, katika utafiti wake wa mji wa Norwich uliochapishwa mwaka 1974, alieleza jinsi watu wa huko wanavyosema "she go", hasa wale wa tabaka la wafanyakazi. Kwa hiyo anayesema "she go" hana kasoro ya akili. Anachokosa ni desturi ya Kiingereza sanifu cha maandishi, kile kinachosahihishwa kwenye mtihani na kusomwa na mwajiri. Desturi hufundishika.

Sasa twende kwenye makosa yanayotoka nyumbani kwetu, kwa sababu hayo ndiyo tunayoweza kuyang'oa na mizizi yake.

La kwanza ni "Does she goes?" na ndugu yake, "He doesn't knows." Mwalimu hukasirika: nimewaambia mara ngapi? Lakini tazameni Kiswahili kinavyofanya. Tunasema "alikuwa anasoma". Vitenzi viwili, na a- imekaa kwenye vyote viwili. "Walikuwa wamelala." Wa- kwanza, wa- pili. Katika muundo huu lugha yetu haikiruhusu kitenzi chochote kupita bila kuonyesha kinamtumikia nani. Mtoto aliyelelewa hivyo, akiona "does" imepokea alama, anaona ni utovu wa adabu kukiacha "go" uchi, naye anakivika. Mwambieni hivi: katika Kiingereza mzigo ukishabebwa na mmoja, mwingine anatembea mikono mitupu. "Does" imeubeba, "go" imeshusha. "Does she go?" Nimeona wanafunzi wa kidato cha pili waliolirudia kosa hili miaka miwili wakiliacha ndani ya wiki, walipoonyeshwa linatoka wapi.

La pili ni "My father he has travelled." Hili nalo ni Kiswahili kilichovaa koti. "Baba yangu a-mesafiri": baba ametajwa, na bado ile a- lazima iwepo. Sisi tunamtaja mtu na kuacha alama yake juu ya kitenzi. Mwanafunzi anaitafsiri alama hiyo kwa "he". Kiingereza kinataka kimoja kati ya viwili, ama "my father" ama "he".

La tatu ni la "he" na "she". Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mama, baba, shangazi na mjomba. Tunapomzungumzia mtu, hatulazimiki kila mara kutaja kama ni wa kike au wa kiume. Kiingereza kinalazimisha, tena mpaka kwenye "his" na "her". Ndiyo maana unamsikia mtu mzima mwenye busara zake akisema, "My mother is sick, he is in hospital." Anamjua mama yake. Ulimi wake tu umekimbilia "yeye", na kwenye "yeye" ameokota neno la karibu. Dawa ni kusimama nusu nukta kila unapofika kwenye kiwakilishi, ukamwona mtu mwenyewe machoni. Ukimwona mama na kanga yake, "she" itakuja.

La nne ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba umoja na wingi si mambo yaliyoandikwa mbinguni. Kila lugha imejikatia yenyewe. Ingieni jikoni. Kwetu maji yanachemka, maziwa yamechacha, mafuta yamepanda bei. Vyote hivi tunavipatanisha kama vitu vingi. Mwingereza anaviona kitu kimoja kisichohesabika: "the water is boiling", "the milk has gone sour", "oil has gone up". Nywele zimeota, tunasema, kwa kuwa tunauona unywele mmoja mmoja. Yeye anasema "her hair has grown". Kisha tokeni jikoni mwende kwa fundi cherehani. Hapo mambo yanageuka. Suruali imechanika, mkasi umepotea, miwani imevunjika: kwetu kimoja kimoja. Mwingereza anahesabu miguu miwili ya suruali, makali mawili ya mkasi, vioo viwili vya miwani, naye anasema "the trousers are torn", "the scissors are lost", "my glasses are broken".

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "the scissors is lost" amepatanisha vizuri kabisa, ila amepatanisha na mkasi wa Kiswahili. Msahihisheni kwa kumwonyesha makali mawili. Chukueni mkasi wenyewe, mfungue mbele yake. Hatasahau. Halafu mpeni orodha fupi ya maneno ambayo kwetu ni mengi na kwao ni moja, ayabandike ukutani: mizigo yangu imechelewa, "my luggage is late", vifaa vimefika, "the equipment has arrived", samani zimeuzwa, "the furniture has been sold". Na habari, hata ziwe kumi, ni "the news is". Neno lina s mwishoni lakini ni umoja, kama "mathematics".

La tano ni dogo lakini limeenea kuliko yote. Sisi tunasema "kuna mtu mlangoni", "kuna watu mlangoni". "Kuna" haijali idadi. Kwa hiyo tunapoandika "there is many people at the door", tumeibeba "kuna" jinsi ilivyo. Kiingereza kinataka uchungulie mbele kabla ya kuchagua: ni wangapi hao mlangoni? Wakiwa wengi, "there are". Wenye lugha yao wenyewe katika mazungumzo husema "there's" mbele ya watu wengi kila siku, wala hakuna anayewazuia. Lakini kwenye barua na kwenye mtihani, chungulieni.

Nimesema makosa yetu mengi yanatoka nyumbani. Lile la binti wa jirani halitoki nyumbani. Hilo ni la binadamu wote. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Kathryn Bock na Carol Miller, walichapisha kazi yao juu ya upatanisho unaovunjika. Waliwapa wazungumzaji wa Kiingereza mwanzo wa sentensi, wakawaomba waumalizie kwa sauti. Mfano unaojulikana zaidi katika elimu hiyo ni wa ufunguo wa makabati: "the key to the cabinets". Ufunguo ni mmoja, makabati ni mengi, na makabati ndiyo yaliyo karibu na kitenzi. Baadhi ya watu wale, ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, waliteleza wakasema "were" badala ya "was". Na jambo la kuangaliwa ni kwamba utelezi ulitokea hasa neno la katikati lilipokuwa la wingi. Lilipokuwa la umoja, watu hawakupotea sana. Wingi una sauti kubwa. Unamfunika mwenye sentensi aliyesimama nyuma yake.

Hapo ndipo kidole kinapofanya kazi. Kila sentensi ina mwenyewe, ambaye kitenzi ni chake. Maneno mengine yanaweza kumzunguka, yakampamba, yakasimama mbele yake kama watu kwenye harusi, lakini bwana harusi ni mmoja. "The minister, together with his officers, has arrived." Funika maofisa. Nani amewasili katika sentensi hii? Waziri. Ni "has". Ukitaka maofisa wahesabiwe, waunganishe na "and": "The minister and his officers have arrived." "The price of tomatoes has gone up." Bei ndiyo iliyopanda, nyanya ziko pale pale gengeni. "The children of my uncle live in Tanga." Mjomba ni mmoja, lakini wanaoishi Tanga ni watoto. Uliza kila mara: nani mwenye sentensi? Kisha itafsiri kwa Kiswahili, usikilize kiambishi ulichokichagua bila kufikiri. Ukisema a- au ki-, au i- ya orodha, Kiingereza mara nyingi kitataka umoja. Ukisema wa- au vi- au zi-, au i- ya miti, mara nyingi kitataka wingi. Toa yale ya jikoni na ya kwa fundi cherehani, ambayo tumekwisha kuyaweka kando, na kiambishi chako kitakuongoza vizuri.

Kitakuongoza hata mahali ambapo Waingereza wenyewe hubishana. "She is one of the students who..." who "lives" au who "live"? Semeni kwa Kiswahili: "Ni mmoja wa wanafunzi wanaoishi bwenini." Mmesema "wanaoishi", hamkusema "anayeishi", kwa kuwa wanaoishi bwenini ni wanafunzi, naye ni mmoja wao. Basi ni "who live". Kirejeshi chetu kimeingia ndani ya kitenzi na kutaja kinamrudia nani, hakifichi. Na "kila" je? Tunasema "kila mtu ana haki", hatusemi "kila mtu wana haki", ingawa watu wote wamo humo. Kiingereza nacho kiko hivyo hivyo: "every person has", "everybody has". Kwa hiyo anayeandika "everybody have" hana haja ya kukariri kanuni mpya. Aikumbuke "kila" ya nyumbani kwao.

Yako maeneo ambayo sheria yenyewe haijakaa pamoja, na mwalimu mwaminifu huyasema. Timu, kamati, serikali: Mmarekani atasema "the team is winning". Mwingereza mara nyingi atasema "the team are winning", akiwafikiria wachezaji. Wote wawili wako sawa kwao. Ukichagua njia moja, ifuate mpaka mwisho wa barua. "Police" ni "are" kwa wote, nasi tunaelewa kwa nini, kwa sababu nasi tunasema "polisi wamefika". Maana inaweza kulishinda umbo. Kiswahili kinalijua hilo tangu zamani. Kiboko ana ki- ya kiti, lakini husemi "kiboko kikubwa kinaogelea". Ni "kiboko mkubwa anaogelea", kwa kuwa ana uhai. Kipofu "anapita", hata kidogo hatusemi "kinapita".

Na wakati mwingine upatanisho ni historia ya taifa. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inaitaja nchi hiyo kwa kiwakilishi cha wingi, kama "wao", yaani majimbo yaliyoungana. Hata marekebisho ya 13, yaliyopiga marufuku utumwa mwaka 1865, bado yana kiwakilishi cha wingi. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, umoja ulizidi kushika nafasi katika maandishi, na leo kila mmoja anasema "the United States is". Neno lina s ile ile. Kilichobadilika ni namna watu walivyoiona nchi yao.

Wasikilizaji, nimebakiza jambo lililo zito kuliko kanuni zote hizi, nalo ni namna ya kumsahihisha mwenzako.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, mtoto wa kidato cha kwanza aliandika insha juu ya familia yake. Mstari mmoja ulisema: "My father don't come home again." Nikazungushia wino mwekundu kwenye "don't", nikaandika juu yake "doesn't", nikaendelea na mstari unaofuata. Madaftari yalikuwa mengi na usiku ulikuwa umekwenda. Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipojua kwamba baba yake, mvuvi, alikuwa ametoka baharini mwaka uliotangulia na hakurudi. Mtoto alikuwa ameniambia. Aliniambia kwa lugha ngumu kwake, akanipa mikononi, nami nikamrudishia herufi. Tangu siku hiyo nasoma insha mara mbili. Mara ya kwanza kalamu iko mezani.

Katika nchi zetu, kosa la lugha limeambatana na aibu kwa muda mrefu mno. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi ilivyokuwa katika shule za Kenya ya kikoloni. Mtoto aliyekamatwa akisema Kikikuyu alichapwa, au alitundikwa shingoni kibati chenye maneno ya kumtukana. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma masomo yake kwa Kiswahili, kisha siku moja anaingia kidato cha kwanza na karibu kila kitu, kama hesabu na biolojia, kinageuka Kiingereza. Darasa likimcheka siku anaposema "the cells divides", hatanyosha mkono tena. Hatajifunza Kiingereza, na biolojia nayo itampita. Anayechekwa huacha kusema, na asiyesema hana cha kusahihishwa.

Kwa hiyo nawaombeni, wazazi, walimu, kaka na dada. Kwanza sikieni alichosema na kukijibu. Kisha chagueni kosa la aina moja, msiyapige yote kwa pamoja. Karatasi yenye wekundu kila mahali haifundishi, inatisha tu. Kisha mwacheni alitafute mwenyewe. Kosa ulilolipata kwa kidole chako hulirudii upesi. Na tujikumbushe pia kwamba tunaosimama kumcheka mtu kwa "she go" ndio tunaosikika mitaani tukisema "kitabu yangu" na "vitu mingi". Anayeheshimu upatanisho auheshimu katika lugha zote mbili, aanzie nyumbani.

Sasa kalamu. Binti yule alibadilisha "are" ikawa "is", akanishukuru, akasimama kuondoka. Kisha akakaa tena, akaifungua barua. Juu kidogo, alipoeleza mafunzo yake ya vitendo, alikuwa ameandika: "My training in the two offices have taught me to work with people." Kabla sijafungua mdomo, kidole chake kilikwisha kufika pale. Akasoma, akatabasamu, akaomba kalamu. Sitawaambia alifunika nini wala alibadilisha nini. Iandikeni sentensi hiyo, wekeni kidole juu yake, na mjiulize: nani mwenye sentensi?